Mashine ya Pili

Kilburn, London
Jumapili, 8 Septemba 2024

Haifa mpenzi,

Wamekubali. Nimeanza na hilo kwa sababu najua ningeanza na hali ya hewa ungeniruka hadi mwisho wa barua.

Mhariri alinipigia Ijumaa nikiwa Neasden, nyumbani kwa yule mzee ninayemhudumia, namvisha soksi. Soksi moja ilibaki mkononi mwangu. Alisema zile picha kumi na mbili tulizowatumia, mwanamke mmoja kila picha, hazimtoki kichwani, kwamba hajaona wanawake wa kituo cha basi wakitazamwa namna hiyo, na kwamba kitabu watakitoa. Lakini wanataka kurasa zote arobaini kufikia tarehe 31 Januari: wanawake walewale, sura zilezile, wakigeuka, wakisinzia, wakigombania kiti. Hapo ndipo mkataba utatiwa saini. Mzee akaniuliza, "Umefiwa?" Nikamwambia hapana, nimepata kitabu. Akasema, "Basi nivishe na ya pili."

Mgawanyo wa kazi uwe uleule. Maneno, kituo, mvua na mabasi ni vyangu; wanawake ni wako. Bado nashangaa. Mimi huwaona kila asubuhi pale Kilburn High Road, nakuandikia namna mmoja anavyoshika mkoba na mwingine anavyotafuna midomo, nawe uliye Mombasa, ambaye hujawahi kukanyaga London, unanirudishia mtu mzima.

Nimetununulia viongezo tulivyokosa: ngozi za wazee, makoti ya baridi, nywele za mvi. Vyote viko kwenye akaunti yangu, na Karani atakushushia ukiwasha intaneti. Namsema Karani vibaya kila siku, lakini hiki kiprogramu cha kusakinisha kimetuokoa. Unakumbuka chuoni tulivyonakili folda moja moja, jicho huku, ngozi kule, halafu mtu anatokea hana meno? Sasa ni kubonyeza mara moja. Anashusha, anafungua, anapanga kila kitu mahali pake, kwangu na kwako, kwenye mashine mbili kama tulivyoruhusiwa.

Jambo moja: zile sura ulizozichonga mwenyewe kwenye kompyuta, zinazoweza kugeuzwa pande zote, zihifadhi ndani ya folda ya Karani, pamoja na vitu vilivyonunuliwa. Ukiziweka kwingine programu ya kuchorea haizioni, nawe utapoteza nusu siku ukizitafuta kama ulivyofanya Julai.

Nijibu kwa barua pepe ndefu kama hii. WhatsApp ibaki ya vichekesho, kama tulivyokubaliana.

Wako,
Gakii


Kibokoni, Mombasa
Jumatano, 11 Septemba 2024

Shoga yangu Gakii,

Nimepiga kigelegele mpaka jirani akagonga ukuta kuuliza anaolewa nani. Nikamwambia hakuna harusi, kuna kitabu. Akasema kigelegele cha kitabu ndiyo kwanza akisikie.

Usinicheke maneno yakiwa yamekimbiana. Barua hii naisema kwa mdomo, simu ndiyo inayoandika. Mikono yangu imo kwenye unga, leo ni zamu yangu ya mahamri. Nimeona raha yake, huenda nikaandika hivi siku zote.

Sura zote kumi na mbili nimezitia kwa Karani kama ulivyoniagiza. Lakini huyo Karani wako, wallahi, atanizeesha. Jana nilimtaka anisakinishie nywele za mvi za Bibi Bhanu. Akafikiri dakika ishirini, akaniambia tayari, akaniomba nizime mashine niwashe tena. Nawasha: Bhanu kipara! Mwanamke aliyetoka Kisumu mwaka wa sabini na mbili na sanduku moja, ambaye wewe ulinieleza msuko wake ukurasa mzima, anang'aa kama sahani. Kumbe nywele zimepelekwa kwenye folda ya toleo la zamani, zimekaa huko zinasubiri kichwa. Kwa sasa nimemvisha mtandio. Umempendeza, lakini akijiona atasema nimemsilimisha.

Nikwambie kitu kisha nisikirudie. Nimechorea watu miaka tisa: nembo za maduka ya simu, kadi za harusi, mabango ya wanasiasa wanaotaka wapunguzwe vitambi. Hakuna hata kimoja chenye jina langu. Hawa kumi na wawili ndio kazi yangu. Siku nikiulizwa nilifanya nini, nitawaonyesha hawa, nami nitataka jina langu liwe juu ya kile nilichokifanya kwa mkono wangu, si zaidi na si kasoro. Kwa hivyo kitabu kitoke, Gakii, hata ikibidi umvute huyo mhariri ndevu.

Shogayo,
Haifa


Kilburn
Jumapili, 20 Oktoba 2024

Haifa mpenzi,

Mhariri hana ndevu, ni mwanamke, na ameanza kuniuliza tumefika wapi.

Kutoka kwako nina kurasa sita, zote za Septemba. Ni nzuri kiasi kwamba ilibidi niziweke kando wakati naandika, maana karibu nazo maneno yangu yanasomeka kama karatasi ya maelezo ya dawa. Ule ukurasa wa Priscilla akitazama basi lililopita bila kusimama! Nimemjua Priscilla miaka mitatu, tumegawana zamu na maumivu ya mgongo, na sikuwahi kuona kwamba huinua bega moja kabla ya kukata tamaa. Sikukuandikia hilo kwa sababu sikulijua. Asubuhi iliyofuata nilisimama kituoni nikamvizia. Ni kweli, huinua bega.

Lakini ni sita, na Oktoba inaisha. Nimepunguza siku za Neasden hadi tatu. Kituo nimekimaliza, mvua nimeimaliza, hata zile taka zinazokwama kwenye wavu wa duka la dawa nimezimaliza. Kila ukurasa ninaofungua una viti vilivyo wazi.

Niambie ulikokwama. Kama ni Karani, ninakilie kosa analokuonyesha, nitahangaika naye mimi. Kama si Karani, niambie pia.

Wako,
Gakii


Kibokoni
Jumapili, 27 Oktoba 2024

Shoga,

Pole kwa kukuweka roho juu. Hakuna kilichokwama. Intaneti hapa inakuja na kuondoka, basi nafanya kazi bila hiyo, ndiyo maana huoni kitu. Leo nimekaa na mashine asubuhi nzima. Wanawake wanageuka vizuri, wanatii kuliko watoto wa dada yangu.

Nitakuletea kurasa nyingi kwa mpigo mwezi ujao. Naisema tena kwa simu, mahamri hayaishi nyumba hii.

Haifa


Kilburn
Jumapili, 17 Novemba 2024

Haifa,

Kurasa hazijafika.

Jana nilimfungua Karani. Kuna mahali anapoorodhesha mashine zetu. Ya kwanza, yangu, ameandika imeonekana leo. Ya pili, yako, ameandika imeonekana mara ya mwisho siku arobaini zilizopita.

Sikuulizi. Umesema unafanya kazi bila intaneti na nimeamua kuliacha hivyo. Watu huchoka. Watu hupata kazi nyingine, au mchumba, au huamka tu siku moja wakaona jambo lililowawasha mwaka mzima haliwawashi tena. Ningependa kuambiwa, lakini si lazima niambiwe.

Nimepanga mambo kidogo upande huu ili kazi isisimame. Usijali.

Gakii


Kibokoni
Jumatatu, 2 Desemba 2024

Gakii,

Nimekaa mbele ya mashine tangu saa tatu na sasa wanaadhini adhuhuri.

Nimeiwasha leo kwa mara ya kwanza tangu mwanzo wa Oktoba. Ndiyo, siku ulizihesabu sawasawa, na hilo nitakueleza. Niliunganisha intaneti ya simu. Karani akafunguka mwenyewe, akaandika: Inasawazisha. Mstari wa kijani ukaanza kutembea. Nikadhani ananiletea makoti mengine, nikaenda kuchemsha chai. Niliporudi mstari umefika mwisho na chini yake ameandika: Kazi imekamilika, asante kwa kutumia huduma yetu. Nami mjinga nikamjibu, asante nawe.

Kisha nafungua orodha. Makoti hayapo, ngozi hazipo, nywele hazipo. Nikajiambia hivyo ni vya kununua, vitarudi kwa kubonyeza. Nikatafuta wanawake wangu. Folda haipo. Sikwambii ni tupu, haipo. Iliyokuwa juu yake na iliyokuwa chini yake zimesogeleana kana kwamba hapakuwa na kitu kati.

Nimewaita mmoja mmoja kwenye kisanduku cha kutafutia. Priscilla. Bhanu. Yule uliyemwita Mama Mwavuli. Kila jina najibiwa hakuna kilichopatikana.

Karani huweka kumbukumbu ya kila anachokifanya, na nimeisoma. Amri ya kufuta haikutoka Mombasa. Imeandikwa: mashine ya kwanza, tarehe 16 Novemba, saa nane na dakika kumi mchana. Hiyo ni siku moja kabla ya barua yako ya kuniambia nisijali.

Niambie kwamba nimesoma vibaya.

Haifa


Kilburn
Jumanne, 3 Desemba 2024

Haifa,

Hukusoma vibaya.

Kuna msichana anaitwa Rupa, wa Southall. Tunasoma naye darasa la jioni la uchoraji wa kompyuta. Baba yake alizaliwa Nakuru. Yeye Kiswahili anakisikia chote na kukujibu kwa Kiingereza. Ana mkono mzuri. Nilimwomba azigeuze picha zako kwa kurasa zilizobaki, asichonge kitu, ageuze tu; nilidhani viongezo vingemtosha. Nilijiambia ukirudi utaona kazi imesogea nawe utacheka. Lakini sikukuandikia, na nadhani nilijua kwa nini sikuandikii.

Ili Rupa apate viongezo ilibidi Karani amkubali, naye hakubali mashine ya tatu. Alisema ondoa moja. Nikaibonyeza yako. Akauliza: uondoe na yaliyomo? Nikajaribu kuendelea bila kuweka alama ya ndiyo, akakataa. Nikaweka. Nilidhani yaliyomo ni vile tulivyonunua, vitu vinavyorudi. Sikukumbuka kabisa kwamba mimi ndiye niliyekuambia uwaweke wanawake humo. Jana nimeirudia barua ile ya Septemba. Nimeandika vizuri sana, kwa uhakika sana.

Nimewaandikia wenye programu. Walinijibu baada ya dakika nne, kwa upole wa kitu kisicho na uhai, kwamba sura hizo hazimo katika orodha ya bidhaa zao na kwa hiyo hawana cha kunirudishia. Kwangu nina picha bapa tu, zile kumi na mbili na zile sita. Zinatazama zilikotazama. Hakuna hata mmoja anayeweza kugeuka.

Usiiguse mashine. Mpelekee fundi anayefufua mafaili. Tafuta nakala zako, hata za zamani. Na kama vyote vimekufa, tutaomba muda. Nitampigia magoti mhariri. Umeshawachonga mara moja, Haifa, unawajua kuliko ninavyowajua mimi niliyesimama nao kwenye baridi. Mkono uliowachonga bado unao.

Nisamehe, au usinisamehe, lakini nijibu.

Gakii


Kibokoni
Jumatatu, 9 Desemba 2024

Gakii,

Mashine nimeipeleka kwa Ajay, fundi wa hapa mtaani. Amekaa nayo siku tatu. Amefufua majina. Mafaili kumi na mawili yenye majina kumi na mawili, na ukiyafungua hayana kitu. Alinionyesha kwa furaha, maskini, akidhani majina ndiyo niliyokuwa nayataka.

Nakala ninayo ya mwezi wa Machi. Ina wanawake wawili, tena kabla sijawatia macho.

Sasa la mkono. Tangu Agosti vidole viwili vya kulia havinisikii, na vilivyobaki vinatetemeka. Nilimaliza sura ya mwisho mwezi wa Julai, na niliimaliza kwa wiki tano kwa sababu mambo yalikwisha anza. Daktari wa mishipa ya fahamu nimemwona mara nne, hizo ndizo siku zako arobaini. Amesema mkono hautarudi, na akasema huenda wa kushoto ukafuata, hajui lini. Zile kurasa sita nilizigeuza kwa mkono wa kushoto, ukurasa mmoja siku tatu. Nilipiga hesabu nikaona nikienda polepole nitafika. Kugeuza naweza. Kuchonga ndiko kusikowezekana tena.

Hakuna siku hata moja niliyokanda unga wa mahamri. Siwezi kushika mwiko. Barua zote nimezisema kwa simu.

Unajua kwa nini sikukwambia? Niliogopa utatafuta mwingine.

Sina hasira, wala usiningoje niwe nayo. Nimeangalia kote ndani yangu na sijaipata. Mama anadhani nimepoteza kompyuta tu, anasema itanunuliwa nyingine.

Haifa


Kilburn
Jumapili, 26 Januari 2025

Haifa,

Nimekuandikia mara tatu tangu Krismasi na hujajibu. Hii ni ya nne, na ina jambo la kuamua.

Nilimwambia mhariri kwamba kuna tatizo la mafaili. Hakuuliza ni tatizo gani. Alisema tarehe ni ileile, vitabu vya msimu wao vimeshapangwa, na kama hatuko tayari ataijaza nafasi yetu na kingine. Nilitoka pale nikaenda moja kwa moja Southall na picha zako nimezichapa kwenye karatasi kubwa. Rupa alizitandika sakafuni chumbani kwake, juu ya duka la baba yake, akatembea kati yake bila viatu. Alisema picha bapa haimwambii kilichoko nyuma ya sikio, itabidi abuni. Nikamwambia abuni.

Amefanya kazi wiki sita. Hakuna kitu alichofanya kwa uvivu. Amewachonga wote kumi na wawili kutoka karatasini, akawageuza, akamaliza kurasa thelathini na nne zilizobaki, na zile sita zako akazirudia ili zifanane. Alhamisi nilizituma. Baada ya saa moja mhariri akajibu kwamba ni walewale, kwamba ana furaha, kwamba alijua tutafika. Amezipitia zote arobaini na hajaona tofauti.

Nimerudia sentensi hiyo ya mwisho mara nyingi nikiwa njiani, kwenye basi, nikimsogezea mzee chakula. Hajaona tofauti.

Rupa hataki jina lake. Alisema wale ni wanawake wa Haifa, yeye alinakili tu. Kwa hiyo kwenye jalada kuna lako na langu, lako kwanza. Mkataba ni Ijumaa, saa tano asubuhi. Neno ni lako. Ukiniambia nisitie saini, sitatia, na sitakulaumu siku yoyote ya maisha yangu.

Tafadhali nijibu safari hii.

Gakii


Kibokoni
Jumatano, 29 Januari 2025

Gakii,

Umenieleza mhariri alivyoona, na Rupa alivyoona. Zile kurasa ulizoniambatishia sijazifungua na sitazifungua.

Wewe ndiye uliyesimama nao kituoni, na wewe ndiye uliyeujua mkono wangu tangu chuo. Nakuuliza wewe. Uliona tofauti?

Kama hukuiona, basi ni wao, jina langu likae na utie saini. Kama uliiona, hao si wangu. Usiniandike juu ya kitu ambacho sikukifanya. Hilo tu ndilo ninalolitaka, sina jingine.

Haifa


Kilburn
Ijumaa, 31 Januari 2025

Haifa,

Niliiona. Niliiona siku ya kwanza, sakafuni kwa Rupa, kabla hajamaliza hata mmoja. Wanawake wake wamelala vizuri. Wanangoja basi na basi linakuja, hakuna zaidi. Wako walikuwa wakitazama barabara huku wanajua tayari watakachoambiwa wakifika wamechelewa, na nani atakayewaambia. Sijui ulikiweka wapi. Nimewatazama kwenye kurasa zote arobaini jana mchana kutwa, na hakimo kwa hata mmoja.

Barua yako niliisoma Jumatano. Nilikuwa na siku mbili za kukujibu.

Leo saa tano nilikuwa ofisini kwao. Kuna dirisha kubwa, na kitabu chetu walikuwa wamekichapa kwa mfano, kimelala mezani, jalada juu. Mhariri aliniuliza kwa nini hukuungana nasi kwa video. Nikasema intaneti ya kwenu inakuja na kuondoka. Akaniletea kalamu. Mkataba ulikuwa na nafasi mbili za saini. Akasema naweza kutia kwa niaba yako, alimradi umekubali.

Nikasema umekubali.

Gakii